Kompyuta Iliyoomba Isizimwe

Uvumi huo Nelima aliusikia kwenye foleni ya maji kule Gatwekera, mtaani kwao, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani. Aliyeuleta ni Mama Billy, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Ile kompyuta mama yako alinunua Kawangware," alisema Mama Billy huku akisukuma mtungi wake kwa mguu, "aliyemuuzia alikufa. Fundi Ndululu. Kibanda chake kimefungwa, nimekiona kwa macho yangu. Wanasema alikufa akiwa ameketi mbele ya hiyo kompyuta."

"Wanasema akina nani?" Nelima aliuliza.

"Watu," Mama Billy alijibu, na kwake hilo lilitosha.

Nelima alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila akitoka shuleni aliosha vyombo, akafagia chumba, kisha akaketi mbele ya kompyuta hiyo kuandika hadithi za Kukhu, nyanya yake wa Bungoma. Kukhu alimsimulia kwa simu, hadithi baada ya hadithi, mpaka mvua zilizopita alipofariki. Mwalimu alizitaka kwa mradi wa darasa. Lakini kwa Nelima zilikuwa zaidi ya mradi. Akizisoma alimsikia Kukhu akikohoa kidogo kabla ya kucheka. Na hazikuwa mahali pengine popote duniani ila ndani ya ile kompyuta.

Wapangaji wote wa ploti yao walitumia waya mmoja wa stima. Mtu akitaka kupiga pasi, aligonga ukuta wa mabati, ngo, ngo, na majirani wakachomoa vyombo vyao ili waya usiungue. Hapakuwa na kuuliza. Ukisikia ngo ngo, unachomoa.

Jioni moja Nelima akiandika, skrini iligeuka buluu. Vidoti vyeupe vikaanza kuzunguka kimya kimya, na chini yake yakatokea maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba kompyuta inasasishwa, tafadhali usiizime. Hesabu ilipanda polepole, kisha ikakwama. Mara ngo, ngo. Nelima akachomoa waya.

Alipouchomeka tena, maneno yalikuwa mengine. Sasa kompyuta ilisema inarudisha mambo yalivyokuwa hapo awali. Nelima akarudisha kiti nyuma. Yalivyokuwa lini? Ndululu alipokuwa hai? Safari hii hakusubiri ngo ngo. Alichomoa mwenyewe, akatoka nje mbio.

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Stima ikipotea na kurudi, kompyuta iliwaka peke yake, hakuna aliyeigusa. Nelima aliifunika skrini kwa leso, lakini mwanga wa buluu ulipenya kwenye maua ya kitambaa, na ndani ya sanduku la kompyuta kitu kikavuma kama mtu anayepumua kwa shida. Kila mara maneno yalikuwa yale yale: usizime. Na kila mara alichomoa.

"Mbona hii kitu haifiki mwisho?" mama yake, Lenah, aliuliza.

"Inajizima yenyewe, Mama."

Uongo mdogo tu, aliwaza. Lakini Mama naye alikuwa ameusikia ule uvumi. Alirudi nyuma hadi mlangoni, mkono kifuani.

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Siku hiyo Mama hakukubali kula ameipa kompyuta mgongo. Jumamosi alilifunga lile sanduku mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, akaweka chupa ya maji ya chumvi yaliyoombewa, ya kufukuza mzimu, kwenye mkoba, akasema, "Twende Kawangware. Tunamrudishia mjane wake."

Kibanda kilikuwa kimefungwa kweli. Mwuza mboga wa karibu aliwaelekeza nyumbani, ndani ya kichochoro chembamba ambamo nguo zilizoanikwa zilizuia jua. Mama alibisha. Ndani, mtu akakohoa. Mlango ukafunguka, na Fundi Ndululu mwenyewe akasimama mbele yao akiwa na kikombe cha chai.

Mama alipiga ukemi. Nelima akaishika leso ya Mama asianguke na mzigo.

"Kumbe na nyinyi mmesikia!" Ndululu akasema. "Nilifunga kibanda nikaenda kwetu Mwingi kuvuna. Kurudi, nakuta nimeshazikwa! Wangoi, mke wangu, weka chai nyingine, kuna watu wamekuja matanga!"

Ndani ya nyumba alisikiliza shida yao, akaona ile chupa mkobani. "Na hii?"

"Ya… ya kunywa," Mama alisema.

Ndululu aliusogeza mkoba mbali na meza. Aliliunganisha sanduku na skrini yake. Vidoti vikaanza kuzunguka, na Nelima akatazama pembeni.

"Kuwaka peke yake ni mimi niliiweka hivyo," fundi alisema. "Stima ikirudi, inawaka. Lakini kujizima yenyewe katikati ya kazi? Hapo diski imekufa. Naitoa, natupa, naweka nyingine. Vilivyokuwa ndani mvisahau."

Alichukua bisibisi. Skurubu ya kwanza ikatoka, ikalia juu ya meza. Nelima alimsikia Kukhu akikohoa, kile kikohozi chake kidogo, halafu kicheko hakikufuata.

"Haijizimi!" alipaza sauti. "Ni mimi. Mimi ndiye nachomoa. Niliogopa."

Bisibisi ikasimama. Mama akageuka pole pole.

"Nelima. Wiki nzima silali kwa sababu ya neno lako moja?"

"Nisamehe, Mama."

"Ngoja, Mama Nelima," Ndululu alisema. "Msichana, ni mara ngapi?"

"Kila mara iliposema usizime."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikia. Kusasisha ni kama fundi kupanda juu ya nyumba yako kubadilisha mabati. Ametoa ya zamani, bado hajapiga mapya, wewe unamfukuza. Akirudi kurudisha yale ya zamani, unamfukuza tena. Nyumba itakaaje? Haikuwa inakutisha. Ilikuwa inakuomba."

Alirudisha skurubu mahali pake. "Sasa hakuna kugusa."

Walikunywa chai. Hesabu ilikwama kwa muda mrefu, sanduku likavuma, skrini ikawa nyeusi kabisa. Nelima alikalia mikono yake. Kisha mwanga ukarudi, na pale pale alipoziacha zikawepo hadithi za Kukhu, zote. Aliinama juu ya meza akalia.

Kwanza Ndululu alizinakili kwenye flashi. Kisha akafuta filamu za zamani zilizojaza diski na kukwamisha kazi, akaanzisha upya kusasisha, na safari hii kazi ikaisha bila mtu kuikatiza.

Wakirudi nyumbani, Mama alisimama Ngong Road. Hapo akamwaga ile chupa kwenye mtaro.

"Na mimi nilidanganya kuhusu haya maji," alisema. "Tulimwogopa mtu anayekunywa chai kwake. Lakini kilichotaka kuua hadithi za nyanya yako si mzimu, mwanangu, ni yale uliyonificha. Hata fundi mzuri hawezi kutengeneza kitu asichoambiwa ukweli wake."

Jioni hiyo Nelima alikwenda kwa Mama Billy, akamwomba agonge na kungoja jibu kabla ya kuwasha pasi. Mama Billy alikubali. Kuhusu Ndululu, alisema bado ana wasiwasi kama kweli yu hai.

Basi wewe unayesoma, epuka haya:

Usichomoe kompyuta inaposema usizime, hata ikichelewa.
Usianze kusasisha kama stima ya ploti inasumbua. Waambie majirani kwanza.
Usijaze diski mpaka kazi ikose nafasi.
Usiweke kitu unachokipenda mahali pamoja tu.
Usimwagie kompyuta maji, hata yaliyoombewa.
Usimzike mtu kwa maneno ya foleni.
Na ukiulizwa ulifanya nini, usiseme "imejizima yenyewe."