Mgeni Aliyealikwa Bila Jina

Ilianza na sakafu. Nyuma ya kaunta ya baa yao ndogo pale Benaco, Leonsia alipiga deki asubuhi, akapiga tena mchana, na bado saruji ilibaki na unyevu, ukingoni pakiganda ukoko mweupe. Akauonja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa chumvi.

Akazikumbuka chupa za mumewe, akasonya.

Anastazi alikuwa mtu wa rubisi, pombe ya ndizi, tangu ujana, mpaka dereva mmoja wa malori yaendayo mpakani Rusumo alipomzawadia wiski ya Uskochi, kutoka kisiwa ambako mapipa hulazwa kwenye maghala yanayopigwa na mawimbi. Alipoionja akapagawa. Kila dereva akaagizwa chupa ya kisiwa kingine. Jioni alipanga glasi, akanusa, akafumba macho kama padri. "Hii ina moshi na mwani. Hii chumvi yake inakuja mwishoni, ukishameza. Onja, mama Uwase," humwambia mkewe. Na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona maishani ni mto Ruvubu.

Kosa lilifanyika siku ya chupa ya kwanza. Kwao tone la kwanza la kinywaji humwagwa chini kwa ajili ya wafu wa ukoo, nao hutajwa kwa majina. Aliye hai hatajwi kamwe. Lakini Anastazi aliona marehemu babu yake Habonimana wiski haijui. Akamwaga huku anacheka: "Mwenye kinywaji, popote alipo, aje anywe. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Tangu hapo hakuna mchuzi uliomkolea chumvi. Shuka za upande wake ziliamka zimelowa, zina mchanga. Leonsia akajua ni mwanamke, maana mambo haya mke hafundishwi. Akawachunguza wahudumu, akanusa mashati ya mumewe. Hakukuta manukato, alikuta harufu ya kitu kilichooza majini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akatamani angekuta manukato.

Akalipeleka shati kwa jirani yake Biubwa, muuza vitenge, mzaliwa wa Pemba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Biubwa alinusa, akalisukuma mbali. Akashusha sauti. "Huu mwani, mdogo wangu. Nimekulia nao. Huku kwenu unatoka wapi?"

"Labda ni hizo pombe zake," Leonsia akasema, akamsimulia yote, mchanga wa shukani na maneno ya siku ya chupa ya kwanza.

"Pombe haileti mchanga kitandani. Mumeo hana mwanamke. Ana mgeni, na mlimwita wenyewe. Nisichokijua ni kama yuko naye, au yuko ndani yake."

"Nitajuaje?"

"Mpe kinywaji amwage kwa desturi yenu, awataje wafu wenu. Mgeni hajui ukoo wa mtu."

Leonsia akarudi, akazimwaga wiski zote chooni. Anastazi hakuuliza zilikokwenda, na hilo lilimtisha Leonsia kuliko kama angefoka.

Jioni mvua ilipoanza kupiga mabati Leonsia akaleta kibuyu cha rubisi, akakiweka mbele ya mumewe bila kumtazama machoni, na alipokipokea vidole vyake vilikuwa baridi na vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua, na ile harufu ikapanda kutoka sakafuni ikajaa chumba, na chini ya kelele za mvua Leonsia akasikia kitu kingine, kishindo kizito kinachokuja na kurudi, kinachokuja na kurudi, ambacho hakuwahi kukisikia maishani lakini alikijua.

"Wamwagie wazee," akanong'ona.

Anastazi akainamisha kibuyu. "Habonimana," akasema. Sauti ilikuwa yake, ile ile ya kukwaruza. "Na mkewe, Niyokwizera."

Hakukosea hata jina moja. Leonsia akashusha pumzi, machozi yakamlengalenga. Alikuwa mumewe. Akanyoosha mkono ampokee kibuyu.

Hakukiachia. Alikiinamisha tena, polepole, tone moja likaanguka kwenye saruji.

"Na Anastazi," akasema.