Tela Nyuma ya Gari la Keki

Jirani zangu, sogeeni niwaambie, maana haya yametokea ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka nasikia hasira.

Mtaa wetu ulikuwa na raha yake kila Jumamosi asubuhi. Mwokaji, mama mfupi mwenye unga hadi viwikoni, alikuwa akitoka mlangoni na keki ya harusi ya ghorofa tatu, akitembea kama aliyebeba mtoto aliyelala. Mumewe amekwisha kumfungulia mlango wa gari. Watoto wanaacha mpira, wanabana pumzi. Keki ikishaingia, gari linaondoka taratibu, nasi tunarudi kwenye vikombe vyetu vya chai. Huyo mume tulimwita Bwana Mipango, kwa sababu kila ukikutana naye alikuwa na mpango, na kila mpango ulikuwa karibu kuiva.

Gari lile Mwokaji alilichagua kwa sababu moja tu. Lilikuwa na giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya kapi mbili, kwa hiyo mwendo unaongezeka polepole, gari haliruki wala kushtuka. Katika gari la zamani, keki zilifika zimeegama kama mlevi. Katika hili zilifika zimesimama wima. Akaanza kuitwa kwenye harusi kubwa kubwa, na nyumba ile ikawa inakula, inavaa na kusomesha kwa keki hizo.

Akalikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likipata ajali. Wakala wa bima hakumung'unya maneno: giaboksi ya namna hii ikifa, bei yake inatoa machozi, ndiyo maana hata bima yake imepanda. Na masharti ni haya: gari libebe familia na keki, basi. Kukodisha, hapana. Kuvuta tela, hapana kabisa. Mwokaji alirudi nyumbani akamweleza mumewe neno kwa neno.

"Nimekuelewa, mke wangu," alisema Bwana Mipango. "Gari hili ni mboni ya jicho langu."

Mboni ya jicho! Hebu sikilizeni sasa.

Siku za kazi, Mwokaji akiwa jikoni na oveni yake, mume alikuwa akichukua ufunguo. "Naenda kuliosha." Jioni anarudi, gari linang'aa. Mwokaji akawa anatutambia sisi wanawake wenzake, "Wa kwangu anajua kutunza." Kumbe huko kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, Bwana Mipango na rafiki yake walikuwa wamefunga ndoano chini ya bampa, na gari la keki linavuta tela lililojaa matofali ya watu kwa malipo! Jioni wanafungua ndoano, wanapiga maji na sabuni, mchezo umekwisha.

Gari likaanza kuvuma vibaya. Mwokaji akauliza kulikoni.

"Ni matairi hayo," akajibiwa.

Siku ya siku, kwenye kilima, mkanda ukateleza. Injini ilinguruma lakini gari halikwenda. Tela likalivuta nyuma hadi kwenye ukuta wa nyumba ya watu, ubavu mzima ukakunjika. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Rafiki akalitorosha tela kwa gari la kuazima, ndoano ikafunguliwa, ndipo Bwana Mipango akapiga simu nyumbani.

"Mke wangu, nimepata ajali. Nilikuwa nakwenda kukuchukulia unga. Watu wa bima waambie hivyo hivyo."

"Wewe umeumia?"

"Mzima."

"Na kweli ulikuwa unafuata unga?"

"Jamani! Mimi nikudanganye wewe?"

Mwokaji akaenda ofisi ya bima, akaeleza hivyo, akatia sahihi kwa moyo mweupe. Kwa nini asiamini? Alikuwa mumewe.

Mkaguzi wa bima aliwaita wote wawili gereji. Mwokaji aliniomba nimsindikize, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu. Gari lilikuwa limeinuliwa. Mkaguzi alichovya kidole kwenye mafuta ya giaboksi. Yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Kisha akamulika chini ya bampa, kwenye matundu ya boliti za ndoano, ambayo hayajashika kutu.

"Mama, tela lilikuwa la nani?"

"Tela gani, kaka?"

"Gari hili limevutishwa mizigo mara nyingi. Giaboksi haikuuawa na ajali. Ilikufa kwanza, ajali ikafuata. Na wewe umetuandikia habari za unga. Kudanganya bima ni kesi, unajua?"

Mwokaji akamgeukia mumewe. Bwana Mipango alitazama viatu vyake, akakohoa, halafu akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Muulizeni yeye. Gari ni lake, mimi natumwa tu. Yeye ndiye aliyenituma."

Mimi nilimshika Mwokaji mkono.

Kesi waliiacha, lakini bima hawakulipa hata taa. Jina la Mwokaji, si la mumewe, likatiwa alama, na kila kampuni ya bima aliyoiendea ilimjibu kwa adabu kwamba haiwezi kumpokea. Gari likabaki gereji, naye akajaribu kukodi magari. Keki ya kwanza ilifika imepasuka katikati, bibi harusi akalia mbele ya wageni, na habari zikaenea. Siku hizi anaoka mikate midogo na kuipeleka dukani kwa miguu.

Juzi mume alirudi kutoka kwa ndugu zake alikokimbilia, akasimama mlangoni. Ukuta wetu ni mwembamba, nilisikia yote.

"Nisamehe. Nilifanya kwa ajili ya nyumba hii."

"Tela ulivuta kwa ajili ya nyumba, sawa," alisema Mwokaji. "Na pale gereji uliposema nimekutuma, ulisema kwa ajili ya nani?"

Mlango ulifungwa, yeye akiwa nje.

FUNZO

Ndugu zangu, masharti ya bima hayajui mapenzi. Yanamjua aliyetia sahihi. Kila anayeshika ufunguo wa gari lako ayajue na ayafuate, na gari lipewe kazi inayowezwa na giaboksi yake. Likipata ajali, usiandike neno ambalo hujalithibitisha mwenyewe, hata kama aliyekuambia mnalala kitanda kimoja. Na wewe mwenye mipango ya kificho, ukikamatwa, sema "ni mimi." Mwokaji angeweza kumsamehe aliyemharibia gari. Aliyemsukumia kosa mbele za watu ili apone yeye, hakuweza kumfungulia mlango.