Viatu Mlangoni mwa Matroni

Saa sita na robo mchana. Chumba cha kufulia nguo, nyumba ya wazee.

Mashine ilikuwa inanguruma, makusudi ifunike maneno. Tyyne, bosi wa genge, miaka themanini na saba, alichora ramani kwa kidole kwenye unga wa sabuni.

"Ofisi ya matroni hii. Ndani yake mlango wa stoo. Stoo ina mlango wa nyuma, unatokea ziwani. Ufunguo uko ukutani, juu. Utaufikia wewe."

"Nani atatulindia mlango?" aliuliza Oiva. Dereva wa malori mstaafu huyo. Nyonga ya chuma, roho ya kuku.

Tyyne alifuta ramani kwa kiganja. Mlinzi wa genge alikuwa Rauni, mwenzao wa mezani. Walimzika Jumamosi. Alikufa bila hata kuomba ruhusa kwa bosi.

Mali yenyewe? Kiti cha kuteleza barafuni cha Tyyne mwenyewe: kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu, abiria hukaa, dereva husimama nyuma, anasukuma kwa mguu. Matroni Marjut alikifungia stoo, eti barafu ya Aprili haiaminiki. Makubwa haya, bibi kizee aibe mali yake! Lakini ng'ambo ya ziwa kulikuwa na nyumba yake, na sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, bomba lake la moshi limepoa mwaka mzima. Alikuwa akiliangalia kila asubuhi dirishani. Barafu ikivunjika leo au kesho, njia ndiyo imekwisha, na mwaka ujao hana uhakika nao.

"Ukishaenda, ndio basi tena?" Oiva aliuliza.

"Maswali mengi, mzee. Beba mfuko wangu."

Saa saba kamili. Marjut alikwenda kula.

Walifika mlangoni, wakainama kwa kuguna, wakavua viatu. Wote wawili. Kwao huingii kwa mtu na viatu, hata kama umekwenda kumwibia.

Oiva alinyoosha mkono. Ufunguo huo.

"Sasa rudi, chukua viatu, zunguka nje, tukutane nyuma," Tyyne alinong'ona. "Upesi!"

Aliburuta kile kiti mpaka barafuni. Jua kali, ziwa jeupe, hakuna mtu. Angeweza kuondoka palepale na soksi zake za sufu. Hakuondoka. Alisimama, baridi ikimpanda miguuni, akimsubiri Oiva.

Aliyetokea kwanza ni Marjut. Mkononi ana viatu.

"Bibi Tyyne jamani! Nimevikuta mlangoni kwangu, vimepangwa vizuri kabisa."

Jozi moja. Tyyne alitazama nyuma ya matroni. Oiva alikuwa amesimama pale na mfuko, viatu vyake miguuni, kamba zimefungwa.

"Umeniuza, Oiva."

"Meza yetu ina viti vinne." Oiva aliukumbatia mfuko. "Aimo kafa, Rauni kafa. Wewe ukienda, nile na nani? Na ukuta?"

Tyyne alimnyang'anya mfuko, akaufungua. Akatoa taulo. Akatoa taulo la pili.

"Mjinga wewe! Hicho kiti cha mbele kilikuwa cha nani? Ulidhani nampeleka Marjut sauna?"

"Hukuniambia..."

"Mambo hayo yanasemwa?"

Oiva alitazama kamba za viatu vyake. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia mambo hayo, na yeye hakumwambia mtu. Hata marehemu mkewe.

Marjut alirudisha kiti stoo. Safari hii ufunguo aliutia mfukoni.

Saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula, ziwa lilianza kulia. Barafu ilikuwa inapasuka. Tyyne alichukua sahani yake, akapita karibu na Oiva, akamtupia taulo mapajani. Kisha akaenda kukaa meza ya dirishani, peke yake, akitazama ng'ambo.

Oiva alikunywa supu yake ya samaki. Viti vitatu vya meza yao vilikuwa vitupu.