Ndoo ya Tano

Baiskeli ilikuwa imekwisha kuvuka korongo, na nyumba za mwisho za kijiji zimebaki nyuma, Mwalimu Getruda alipowafikia mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Baba Dismasi! Simama kidogo, nakuomba!"

Teofili alisimama, lakini mzigo hakuushusha. Huyu Teofili ni mfuga nyuki wa Ulyankulu, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, na ubishi wake ni mkubwa kuliko masikio. Kwenye baiskeli alikuwa amefunga ndoo ndogo kumi tupu, kamba, turubai na gunia la unga. Nyuma ya mzigo alikuwapo binti yake Irankunda, wa miaka kumi na miwili, akisukuma.

"Shikamoo, mwalimu," Irankunda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo Jumatano, shule inafungwa Ijumaa. Mnakwenda wapi?"

"Shuleni," Teofili alijibu.

"Shule iko huku nyuma, Baba Dismasi."

"Hiyo ni yako. Yangu iko msituni. Haina kengele, na wanafunzi hawabanani wanne dawati moja, maana mwanafunzi ni mmoja."

Irankunda aliinamisha uso. Hakujua acheke au alie. Msitu aliupenda. Lakini alikuwa darasa la sita, alikuwa na rafiki zake na hesabu zake, na alitaka kufika la saba afanye mtihani kama wenzake. Jana yake, wakati wa ugali, baba alitangaza kwamba shule basi.

"Mwalimu," Teofili alisema, "kaka yake huyu nilimsomesha miaka kumi na mmoja. Akarudi na cheti. Juzi nikamwambia anishikie mzinga niutengeneze. Unajua alinijibu nini? 'Baba, hiyo sikuisomea.' Kushika tu! Kushika hakukusomea!"

Mwalimu alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka.

"Dismasi ni mmoja, Baba Dismasi."

"Na mimi watoto ninao wawili. Wa pili naye akiharibika, nichukue wa nani? Shule inamfundisha mtoto kungoja. Angoje kengele, angoje kuambiwa, angoje matokeo, halafu akae barazani angoje kazi. Mimi nataka mtoto anayewajibika. Mpe kazi, mwachie, usimchungulie. Akiharibu, ameharibu yeye. Akitengeneza, sifa ni yake."

"Na sheria je?"

"Sheria inataka mtoto ajifunze, au inataka akae?"

"Inataka aje shule. Mtendaji wa kijiji atakuja kukwambia hivyo hivyo, tena yeye hatakuja kwa miguu kama mimi."

Teofili aliinua mkono kama anayeapa. "Basi sikia. Likizo ikiisha tutarudi na ndoo hizi kumi zimejaa. Jilala wa chama cha wafuga nyuki atazipima mbele yako. Zikipita zote kumi, binti amejifunza, wala usinifuate tena. Ikikataliwa hata moja, nitamrudisha mimi mwenyewe, na nitakuomba radhi mbele ya darasa."

"Mimi sichezi kamari na mtoto," Mwalimu Getruda alisema akivaa kiatu chake. "Lakini hayo maneno umeyasema wewe, na mimi nimeyasikia. Irankunda, nenda salama. Uangalie nyuki."

Walitembea siku nzima kwa njia ile ya zamani, ambayo wapagazi waliipita na mizigo kichwani kabla reli haijafika. Siku hizi inapitwa na baiskeli za asali na pikipiki za tumbaku. Jioni walifika kambini, mahali penye kibanda cha nyasi na kisima kifupi.

Sitasema uongo: ile shule ya msituni ilikuwa nzuri. Teofili alikuwa mwalimu kweli. Alimfundisha binti kufunga fundo lisilotelezeka, kuwasha moshi usiounguza, kujua mti unaokaribia kuchanua kwa kuangalia vichipukizi. Mizinga ya magome iliyokuwa juu mitini aliihudumia mwenyewe. Irankunda alipewa mizinga sita ya masanduku, iliyoning'inizwa kwa waya usawa wa kifua chake.

"Hii ni yako, mwana wanje," alimwambia. Akiwa peke yake na binti, maneno ya Kirundi ya mama yake mzazi yalimtoka, kama hilo la kumwita mwanangu. "Nyuki akimaliza kazi anafunga mlango. Sega likiwa limefunikwa nta juu, chukua. Likiwa wazi linang'aa, nyuki bado yumo kazini na asali ina maji. Liache. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi. Sitakuchungulia."

Na kweli hakuchungulia. Irankunda alivaa kofia ya wavu, akashika bomba la moshi, akaenda peke yake. Mara ya kwanza alikwenda kwa kunyata. Mara ya tatu alikuwa anawasemesha nyuki kama majirani: "Hodi, mama. Samahani, mama. Nachukua kidogo tu." Alirudi kambini na asali mpaka kwenye viwiko, baba na binti wakakaa chini, wakatafuna nta na kutema, wakishindana nani atatema mbali.

Jioni ya siku ya sita Teofili alianza kutamba.

"Ndoo nne zimejaa. Mimi nachukua ya sita, wewe ya tano. Atakayechelewa kujaza ataosha sufuria leo na kesho."

"Na keshokutwa," Irankunda alisema.

"Ehe! Unajiamini? Na keshokutwa."

Mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria ya ugali kambini, ulioganda, maji yenyewe ya kuchota, hawezi kujua uzito wa shindano hilo. Irankunda alikwenda mbio. Mzinga wa kwanza ulitoa vizuri. Wa pili pia. Akafungua wa tatu, ndoo ikiwa imebaki vidole vinne kujaa, akakuta masega mengi yako wazi, yanang'aa kama maji juani. Upande wa pili wa msitu alimsikia baba yake anaimba, tena wimbo wa mtu anayeshuka mtini amemaliza kazi.

Alisimama kidogo. Kisha akakata masega yale yaliyo wazi, matano, akayakamulia ndani ya ndoo, akagonga mfuniko, akakimbia.

Alishinda. Teofili aliosha sufuria siku tatu, akilalamika kwamba amezaa mnyapara. Hakuifungua ile ndoo ya tano. Kwa nini aifungue? Aliyepewa kazi hachunguliwi.

Wiki tatu zikapita. Ndoo kumi zikajaa, likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka, Irankunda alikuwa anazisogeza ndoo ili baba azifunge kwenye baiskeli. Alipoishika ya tano, mfuniko ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu. Aliuinua kidogo. Povu lilitoka, na harufu ya togwa iliyolala siku mbili.

Akaushusha mfuniko. Akafikiri haraka. Akinyamaza, Jilala ataikataa ndoo hii, na kwa kauli ya baba mwenyewe, yeye atarudi shule. Ndilo alilolitaka. Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja. Akisema, baba anao muda: mizinga miwili ilikuwa bado na asali, ndoo ingeoshwa na kujazwa upya kabla ya mchana. Zote kumi zingepita, na shule ingekuwa basi. Lakini pia aliwaza baba yake amesimama mbele ya watu, kifua mbele, anasema "Pimeni!", halafu povu linamtokea usoni bila kujua limetoka wapi.

"Baba."

"Sema."

"Ndoo ya tano imechacha. Niliweka masega yaliyo wazi. Nilikuwa najua."

Teofili alikuja, akafungua, akanusa. Uso ulibadilika.

"Umefanya makusudi? Ili urudi shule?"

"Hapana, baba."

"Bali?"

"Ili nisioshe sufuria."

Teofili alimtazama binti yake. Masikio yake yalianza kucheza, halafu mabega, halafu akaangua kicheko mpaka njiwa wakaruka kutoka mitini. Akacheka akajifuta macho. Kisha akakaa juu ya gunia, kicheko kikaisha.

"Ungenyamaza ungerudi shule. Hukuliona hilo?"

"Nililiona. Lakini ndoo ni yangu. Ulisema akiharibu ameharibu yeye."

"Nilisema hivyo." Akaitazama ndoo. "Sasa mimi, wiki tatu nimelala karibu na ndoo hii, nimeifunika na turubai kila siku. Ilikuwaje nisijue?"

"Hukuchungulia, baba."

Teofili aliinuka. Aliangalia upande wa ile mizinga miwili, akaangalia jua, muda ulikuwa tele. Irankunda alingoja aambiwe achukue bomba la moshi. Badala yake baba alichukua kamba, akaanza kufunga. Alifunga ndoo zote kumi, ya tano na wenzake, na njia nzima hakuimba.

Ofisi ya chama ni chumba kimoja chenye mizani na meza. Walipofika asubuhi ya siku iliyofuata, watu walikuwa wanawasubiri: Veridiana, mama yake Irankunda, katika kanga mpya, Dismasi ameegemea ukuta, Mwalimu Getruda, safari hii na viatu vyote viwili, na Jilala mwenyewe, mtu mnene wa utani mwingi, ameshika kile kipimo chake kidogo cha kuchungulia maji yaliyomo kwenye asali.

"Mwangaluka, mzee Teofili!" Jilala alimwamkia. "Msitu umekurudisha? Nilidhani nyuki wamekuchagua mwenyekiti."

"Wamenikataa. Wanasema nina maneno mengi. Jilala, anza na hii."

Akaweka mezani ndoo ya tano. Irankunda alishika mkono wa mama yake.

Jilala aligusa mfuniko tu, nao ukafyatuka, pshii! Povu likamrukia shatini. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, hii ni asali au soda?"

Watu walicheka. Hata Dismasi alicheka. Jilala alijifuta, akachovya tone, akachungulia kwenye kipimo, akatikisa kichwa. "Imekataa. Nipe nyingine." Alipima ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Zote tisa zikapita. Akashusha sauti: "Mzee, tisa ni nyingi. Hii moja tuisukume nyuma ya mlango, nani atajua?"

"Huyu atajua," Teofili alisema, akimwonyesha binti yake. "Aliniambia kosa lake kabla hatujatoka kambini, na kuniambia kulikuwa kunamnyima shule. Mimi mwenye masikio yote haya nimfundishe kuficha? Mwalimu Getruda, kesho nitamleta."

Veridiana alipiga kigelegele kikali hata mbuzi wa jirani wakakimbia.

Kesho yake Teofili alisimama mbele ya darasa la sita, kofia mkononi, jasho linamtoka kuliko siku ya kurina asali.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilisema shule inafundisha kungoja. Hilo bado nalisema."

"Baba!" Irankunda alinong'ona kutoka dawatini.

"Ngoja nimalize. Nilimpa mtoto kazi, nikamwachia, nikadhani huko ndiko kumfundisha kuwajibika. Sikurudi kuangalia. Ninyi hapa mwalimu anapita na kalamu nyekundu kila siku. Mimi sikuwa na kalamu nyekundu. Kwa hiyo, mwalimu, samahani."

Watoto walipiga makofi. Mwalimu Getruda alisubiri yaishe.

"Na mimi niseme langu," alisema. "Sisi tunasahihisha sana, lakini kazi tunayosahihisha mara nyingi ni ya daftarini tu. Irankunda mwezi mmoja alipewa kitu kikawa chake kweli, ndiyo maana alipokiharibu kilimuuma. Sikilizeni, wanangu. Kuwajibika si kutokukosea, maana kila mmoja wenu atakosea kabla ya saa nne. Ni kusema 'nimeharibu mimi' wakati ungali na nafasi ya kunyamaza. Na anayekupa kazi naye ana wajibu wake: arudi kuiangalia. Baba Dismasi, nyuma ya shule tuna eneo tupu, mbali na madarasa. Utatuletea mizinga?"

"Mitano," Teofili alisema. "Na kila Alhamisi nitakuja kuchungulia."

Irankunda alimaliza la saba mwaka uliofuata, akafaulu, yuko sekondari ya kutwa, bado hapendi kuosha sufuria. Dismasi alianza kwa kumshikia baba yake mizinga, sasa anaitengeneza mwenyewe na kuiuza Kaliua. Cheti chake kimetundikwa ukutani karakanani. Ile asali iliyochacha wazee wa jirani waliitengenezea wanzuki, ile pombe ya asali, wakasema haikuharibika hata kidogo. Jilala alinunua shati jingine. Mwalimu Getruda alihamishiwa Puge, akaondoka na chupa mbili za asali. Mizinga mitatu kati ya ile mitano ya shule ina nyuki. Miwili nyuki waliikataa, na haijulikani kwa nini. Veridiana hajambo. Teofili bado anabishana na kila mwalimu mpya anayekuja, na kila Alhamisi anafika shuleni kabla ya kengele.