Sarafu ya Dom Miguel

Doa lilionekana kwanza kifuani mwa Maman Noëlla, muuza samaki aliyekuja kupigwa radio, picha ya mapafu, kwa sababu ya kikohozi. Lilikuwa jeupe, la mviringo, chini kidogo ya koo.

"Maman, nilikuambia utoe cheni," Anaclet alisema.

"Cheni gani, papa? Mimi siko na cheni." Akafunua kikwembe alichojitanda, shingo tupu.

Akapiga picha ya pili. Doa lilikuwapo bado, ila sasa limeshuka hadi karibu na moyo. Anaclet akainua filamu kwenye mwanga wa dirisha: ukingoni mwa duara kulikuwa na kitobo kidogo. Alikijua kile kitobo. Kilikuwa cha sarafu iliyokuwa nyumbani kwake Bagira, ndani ya albamu.

Anaclet Zagabe alikuwa amefanya kazi ya radio miaka kumi na sita, katika kliniki ndogo huko Kadutu, mjini Bukavu, na wagonjwa walimpenda kwa upole wake. Hakunywa, hakuzurura. Tamaa yake ilikuwa moja: sarafu za fedha za wafalme wa Ureno. Baba yake mdogo, aliyewahi kufanya kazi dukani kwa Mreno, alimwachia tatu. Nyingine alizitafuta mwenyewe kwa wajane na kwa wafua fedha. Alikuwa na wafalme wote kwa mfuatano, tangu Dom José hadi Dom Manuel wa mwisho, isipokuwa Dom Miguel, yule aliyemnyang'anya kiti binti wa ndugu yake akatawala miaka sita. Nafasi yake kwenye albamu ilikuwa imekaa wazi miaka tisa.

Ndipo akaja Maman Godelive, bibi wa Kalehe, mgongo umepinda. Kabla ya picha alivua uzi shingoni, akaweka kwenye sahani ya chuma sarafu nzito iliyotobolewa: upande mmoja msalaba, upande wa pili ngao yenye taji, na jina MICHAEL, yaani Miguel kwa Kilatini. Picha ilipokwisha bibi akavaa blauzi polepole, akashukuru, akatoka. Sarafu aliisahau. Kupitia dirisha Anaclet alimwona akivuka uwanja kwa hatua fupi, akisimama mara mbili kupumzika. Angeita mara moja tu angesikiwa. Hakuita.

Siku ya tatu bibi alirudi.

"Papa, niliacha feza yangu hapa."

"Hapana, maman. Haukuacha kitu."

"Angalia tena, mutoto wangu. Ile haiko kitu ya kuweka ndani ya nyumba."

"Nilisha kuangalia."

Bibi alimtazama kidogo, kisha akaondoka bila kugombana. Laiti angemtukana. Usiku ule Anaclet alimweka Dom Miguel kwenye nafasi yake, akafunga albamu upesi, kama mtu anayefunika chungu cha wizi.

Baada ya picha za Noëlla, chumba cha radio kikaanza kunuka. Mwanzoni ilikuwa harufu ya matope ya ziwa, nyepesi, ikaisha dirisha lilipofunguliwa. Kesho yake ilikuwa harufu ya kinywa. Anaclet akisimama nyuma ya ukuta wa risasi unaokinga miale, pale ambapo mtu mmoja tu anaenea, alisikia pumzi nyingine ikivutwa pamoja na yake, ikikawia pale alipokawia, ikitoka nusu tu, nusu nyingine ikibaki mahali fulani ndani ya giza, kama kwamba aliyeivuta hakuwa na nia ya kuirudisha.

Siku ya kumi na mbili tangu bibi aache sarafu, saa nne asubuhi, muuguzi Sophie alimleta binti yake Chancelle, aliyeanguka shuleni akaumia bega. Anaclet alimsimamisha mbele ya mashine, akatoka kwenye korido kuchukua filamu. Akiwa bado anazungumza na Sophie pale nje, wote wawili walisikia kutoka ndani sauti ya Anaclet mwenyewe, ile ya upole, ile wagonjwa waliyoizoea, ikisema: "Vuta pumzi, mutoto. Zuia."

Sophie alimtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa.

"Zuia," ikasema tena. "Zuia."

Walipoingia, Chancelle alikuwa amesimama wima, macho yamemtoka, midomo imekuwa ya zambarau, mashavu yamejaa hewa asiyoweza kuitoa, na hata mama yake alipomshika na kumpiga mgongoni na kulia jina lake aliendelea kutii, kutii, kutii, mpaka Anaclet akapiga kelele, "Pumua! Ni mimi nasema, pumua!" na mtoto akaanguka sakafuni akikohoa.

"Papa Anaclet," Sophie alinong'ona, amemkumbatia binti yake. "Ndani mule kuko nani?"

Akamwambia yote. Sophie hakumlaumu. Alisema tu, "Peleka. Leo hii."

Anaclet alipofika Kalehe na sarafu, Maman Godelive alikuwa ameketi juani mbele ya nyumba, anabangua maharagwe. Uso wake ulikuwa umenawiri, Anaclet nusura asimtambue. Bintiye Chantal alisimama mlangoni.

"Niliacha feza kwako, ao sikuacha?" bibi aliuliza.

Anaclet akapiga magoti. "Uliacha, maman. Niliiona. Na ku dirisha nikakuona unaenda. Sikukuita."

"Asante. Nilizania ni akili yangu inaanza kuzeeka." Akaweka ungo chini. "Baba ya babu yangu alitoka nayo Luvungi. Kule jini moja ilikuwa inakatia watu pumzi. Mufundi akaifungia ndani ya hii feza, sababu ya jina ya malaika Mikaeli. Lakini lazima ikae ku kifua ya mutu muzima. Ikikosa, inaenda kujitafutia kifua. Na weye unaipangia vifua kila siku."

"Mikaeli huyu hakuwa malaika, maman. Alikuwa mfalme."

"Basi jini haijui." Bibi akacheka kidogo. "Mwenye kuivaa, inamukulia nusu ya pumzi. Niliivaa niko na miaka kumi na tisa. Tangu pale nilikuwa nalala nikikaa."

"Alisha lala chini siku zote hizi," Chantal alisema kwa sauti ya chini. "Ni mara ya kwanza namuona mama yangu analala. Maman, usiikamate. Mwizi aivae yeye mwenyewe."

Bibi akamgeukia Anaclet. "Uko na watoto, papa?"

"Wane."

"Lazima mutu mumoja aivae," akasema.

Sarafu ilikuwa mkononi mwa Anaclet, uzi umefungwa tayari. Kuku walichakura. Mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni. Bibi alingoja muda mrefu, bila hasira, na Anaclet, akijua kabisa anachokifanya, akanyoosha mkono kwake.

Godelive akaivaa. Harufu ya matope ikapita katikati yao na kuisha. Bibi akavuta pumzi, ikakwama, ikatoka nusu. Mabega yake yakapanda na kubaki juu.

Chantal alimsindikiza Anaclet hadi barabarani.

"Papa," alisema, "usirudi huku kuomba musamaha. Atakupatia. Na mimi sitaki akupatie."

Taksi ikaja. Anaclet akapanda, na njia nzima hadi Bukavu alipumua vizuri.