Mama Rémy Aingia Chumba cha Joto

Ukipita asubuhi soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, utasikia cherehani ya Godelive kabla hujamwona mwenyewe. Ni mama wa Bukavu, Kongo, mnene kidogo, mwenye kicheko kikubwa. Watu humwita Mama Rémy. Akishakaa kushona, hainuki mpaka jioni. Hata chai huletewa pale pale na mumewe, Hubert.

Jioni huenda kwaya, na huko ndiko moyo wake uliko. Kwaya yao huimba na kucheza. Kwa miaka mingi Godelive alicheza mstari wa mbele, na alijua kwamba anapendeza.

Mwaka 2014 kwaya ilialikwa kuimba kanisani katika mji wa Madisi siku ya Pasaka. Wakajifunza wimbo mpya. Katikati ya wimbo, wote huinama, hushika magoti, kisha huinuka pamoja. Siku ya mazoezi wote waliinama. Wote wakainuka. Godelive akabaki chini.

"Mgongo!" alilia. "Mgongo yangu imekataa!"

Wenzake wakamnyanyua huku wakicheka. Naye alicheka. Lakini Norbert, kiongozi wa kwaya, hakucheka.

"Mama Rémy, kule Madisi utakaa ku banc na bazee," alisema. "Utaimba umekaa."

Godelive alifika nyumbani akilia. Alimwambia Hubert kwamba ni afadhali wangemfukuza kabisa kuliko kumkalisha kwenye benchi la wazee.

Jumapili hiyo Bora alikuja kuwasalimia. Bora alikulia jirani nao, na sasa ni mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Lilongwe.

"Mama, kwanza uende ku clinique," alisema Bora. "Bapime mgongo na tension. Bakisema uko sawa, ukuje kwangu samedi. Tunafanya yoga ndani ya chumba cha joto."

"Yoga njo nini?"

"Ni kunyoosha mwili polepole na kupumua muzuri. Joto inalegeza misuli."

Hubert alikunja uso. "Na haiko maombi ya miungu ingine?"

"Kuko bantu banaifanya kwa dini yao, baba. Sisi pale ni mazoezi tu. Kama roho yako haina amani, uliza pasta."

"Na ile joto iko namna gani?" aliuliza Godelive. "Kama ya kujifukiza?"

"Karibu vile," Bora alijibu akicheka, akakimbia kuwahi gari.

Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kujifukiza Godelive alikujua tangu utoto. Unachemsha majani, unainama juu ya chungu, unafunikwa blanketi zito. Hunywi kitu. Hutoki mpaka jasho limekwisha. Anayejifunua mapema huchekwa.

Kliniki walimpima. Walisema tension yake, yaani shinikizo la damu, ni nzuri, ila mgongo umechoka kwa kukaa mno. Godelive akafurahi, akaanza kujiandaa kwa njia yake. Alivaa vitenge viwili na sweta la sufu. Tena, kama kikundi chao cha maombi kifanyavyo kabla ya jambo kubwa, alifunga. Tangu Ijumaa jioni hakula wala hakunywa.

"Kunywa hata maji, Mama Rémy," Hubert alimsihi Jumamosi asubuhi.

"Bantu banajifukiza na maji ndani ya tumbo? We acha. Jasho njo inatoa ugonjwa."

Mimi nawapenda watu kama Godelive. Wana imani kubwa. Lakini asiyeuliza hana ajifunzalo, na yeye hakuuliza.

Alipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara kuu, kisha gari hadi Old Town, Lilongwe. Alipofika, darasa lilikuwa karibu kuanza. Bora alikuwa akiwapanga watu, akampungia mkono tu. Godelive alienda moja kwa moja kwenye kona ya mwisho, mbali na mlango, karibu kabisa na hita ya umeme. Kwake hapo ndipo palikuwa karibu na chungu.

Darasa likaanza. Wakainua mikono. Wakainama. Joto lilikuwa kali, na watu walikuwa na nguo nyepesi, taulo na chupa za maji. Godelive aliona wengine wakikaa chini kupumzika. Akawasikitikia moyoni. "Hawa hawajui kuvumilia," aliwaza. Muda mfupi baadaye kichwa kilianza kumuuma, tumbo likachafuka, na ukuta ukaanza kuzunguka.

Bora aliuona uso wake. Alimwahi kabla hajaanguka, akamtoa nje kwenye upepo. Alimvua sweta, akamlaza, akamwinua miguu na kumpangusa uso kwa kitambaa chenye maji baridi. Kichwa kilipotulia, alimkalisha na kumpa maji kidogo kidogo.

"Mama, ulikunywa maji leo?"

"Nilifunga."

"Na sweta?"

"We njo ulisema ni kama kujifukiza!"

Bora alishika kichwa. "Yesu wangu! Kosa ni yangu. Nilicheka, sikueleza. Unisamehe, mama."

Wakatazamana, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha Bora akaeleza vizuri.

"Jasho haitoe ugonjwa, mama. Jasho inapoza mwili. Ni maji yako inatoka, lazima uirudishe. Anza kunywa maji siku moja kabla ya kuja. Siku ya kufunga, usikuje. Asubuhi kula kidogo, masaa mbili ao tatu kabla ya darasa. Vaa nguo nyepesi. Leta taulo. Mara ya kwanza kaa karibu na mlango."

"Na nikichoka?"

"Unakaa chini. Unalala. Hakuna mwenye atakucheka, kupumzika ni sehemu ya mazoezi. Kichwa ikizunguka, ikiuma, ao tumbo ikichafuka, toka inje. Usivumilie."

"Kumbe!"

"Tena usijivute sana. Joto inakudanganya ati umelegea, kesho njo utasikia maumivu. Na mama mwenye mimba, ao mwenye moyo mugonjwa ao tension, asiingie kama docteur hajamuruhusu."

Jumamosi iliyofuata Godelive alirudi. Alikuwa amekunywa maji tangu jana yake, amekula mkate na ndizi. Alijishonea suruali pana ya kitenge, na wanawake wa darasa wote wakaitaka. Akakaa karibu na mlango. Alifanya mazoezi machache, akakaa. Akafanya mengine, akalala chali, akanywa maji. Mwisho wa darasa alitoka amelowa jasho, lakini mwepesi na mwenye furaha. Alijisikia vizuri, akasema hivyo kwa sauti kwa kila aliyepita.

Lilongwe ni mbali, hakuweza kwenda kila wiki. Kwa hiyo Bora alimfundisha kujinyoosha nyumbani bila joto. Na sasa Hubert haleti tena chai kwenye cherehani. Anamwita, na Godelive lazima ainuke kuifuata. Hubert anaufurahia sana mpango huo.

Pasaka ikakaribia. Katika mazoezi ya mwisho Norbert alimwambia Godelive ainame mbele ya watu wote. Akainama, akainuka, akainama tena bila kuombwa. Norbert akamrudisha mstari wa mbele.

Madisi kanisa lilijaa. Ule wimbo ulipofika katikati, kwaya yote iliinama, ikashika magoti, ikainuka. Godelive aliinuka pamoja nao, akipiga vigelegele vilivyozidi ngoma. Hubert alisimama juu ya benchi akipiga makofi, mpaka mzee mmoja akamvuta shati akae.

Ibada ilipokwisha, Norbert alimfuata Godelive pembeni. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Mama Rémy," alinong'ona, "ile chumba ya joto, banaume nabo banaingia?"

"Banaingia, kiongozi. Juu ya nini unauliza?"

"Niliinama na ninyi. Mi niliinuka nusu tu."

Godelive hakumcheka, ingawa alitaka sana. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye benchi pamoja na wazee, akaketi karibu naye.

"Sikia muzuri," alisema. "Nitakueleza yote, haina kucheka katikati. Kwanza, clinique."