Aya ya Mwisho ya Tangazo

Jumatatu ile ya Desemba mwaka 1965, Zilpa aliteka maji mara tatu badala ya mara mbili. Alifagia uwanja, akamwogesha mdogo wake Asere, akampaka mafuta mpaka mtoto akang'aa, na yote hayo bila kuambiwa na mtu.

"Leo umeamkia upande gani wewe?" mama yake aliuliza akicheka.

"Mama, umesahau? Leo mimi ndiye msomaji!"

Sokoni Malaba kulikuwa na desturi. Karatasi ya baraza ilipofika, haikubandikwa tu ikaachiwa upepo. Mtoto wa darasa la sita aliyesoma vizuri kuliko wenzake alipandishwa juu ya sanduku la chai, akaisoma kwa sauti. Mzee Paulinus, msimamizi wa soko, alirudia kila sentensi kwa Kiteso, kwa ile sauti yake iliyosikika hadi kituo cha gari moshi. Kisha karatasi ilibandikwa kwenye nguzo.

Msidhani desturi hiyo ilianguka kutoka mbinguni. Zamani za mkoloni, matangazo yaliandikwa kwa Kiingereza na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi, juu, mahali ambapo hata mtu mrefu alisimama kwa vidole. Asiyejua kilichoandikwa aliadhibiwa kwa kutojua. Ndipo wanawake wa soko, wakiongozwa na Benedetta, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyetoka Sio Port, walipokaa chini mbele ya ofisi hiyo siku mbili, vikapu mapajani. Waliapa hawatainuka mpaka wasomewe mambo yao, sokoni, kwa lugha wanayoielewa. Wakasomewa. Huo ndio mwanzo wa sanduku la chai.

Vitalis, msomaji wa kabla yake, alikuwa amemaliza shule. Zilpa aliwashinda wenzake sita katika kusoma, akiwemo Caren, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amekubali kwamba ameshindwa.

Mzee Paulinus alipiga debe la bati lililoning'inia kwenye nguzo. Ko! Ko! Ko! Soko zima likageuka. Wauza karanga walitoka, mafundi baiskeli wakaacha minyororo, hata madereva wa malori waliokuwa wakingoja karatasi zao za mpakani walisogea. Zilpa alipanda juu ya sanduku. Akaikunjua karatasi.

"Tangazo la sikukuu! Ofisi zote za baraza zitafungwa Ijumaa saa sita mchana, na zitafunguliwa tena Jumanne."

Mzee Paulinus akarudia kwa Kiteso.

"Ijumaa asubuhi, kila mwenye kibanda atafagia mbele ya kibanda chake. Lori la taka litapita saa nne."

"Lipite kweli!" mtu alipiga kelele. "Mwaka jana tulilingoja mpaka Pasaka!" Watu wakacheka.

"Siku ya Krismasi, uwanja wa shule, kutakuwa na mbio za magunia. Kutakuwa na kuvuta kamba, wazee na vijana. Kila mtoto atapewa mkate na chai ya maziwa!"

Hapo soko lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja alikunja mikono ya shati kana kwamba kamba imekwisha kuletwa.

Na hapo hapo, kutoka upande wa mashariki, gari moshi likapiga honi.

Zilpa aligeuza kichwa kuelekea stesheni. Ndani ya gari moshi hilo alikuwamo kaka yake Lazarus, fundi wa karakana Nairobi, ambaye hakuwa amekuja nyumbani miaka miwili. Kwenye barua alikuwa ameandika kwamba analeta santuri. Santuri! Nyumbani kwao!

Ilibaki aya moja. Zilpa aliitupia jicho, akaona maneno ya juu tu: CHANJO YA NDUI. Ah, hiyo nani asiyeijua? Vitalis aliisoma wiki iliyopita. Gari la chanjo lingekuja Alhamisi, nayo siku ya soko kama leo.

"Na chanjo ya ndui ni ile ile, Alhamisi, hapa hapa sokoni! Mwisho!"

Mzee Paulinus akarudia hilo pia.

"Ndiyo yote, mwanangu?" Benedetta aliuliza kutoka nyuma ya mafungu yake ya omena.

"Ndiyo yote, mama!" Zilpa alijibu, naye alikwisha kuruka chini na kukimbia, karatasi ikiwa bado mkononi.

Jamani, jioni ile! Lazarus alishuka na sanduku begani na santuri kwapani. Alimletea Zilpa viatu vyeusi vyenye kifungo, na kabla usiku haujaingia nusu ya kijiji ilikuwa imejaa uwanjani kwao. Jumanne walicheza kutwa nzima. Asere, mwenye mwaka mmoja na nusu, alitingisha kiuno mpaka akaanguka.

Jumatano, jua likiwa limepanda, Zilpa alikwenda mtoni kufua gauni lake la Krismasi. Alikwisha kulipaka sabuni alipotia mkono mfukoni mwa gauni alilovaa, lile la Jumatatu, akakuta karatasi. Ile ya baraza! Alikuwa amesahau kuirudisha ibandikwe. Aliikunjua, akaisoma ile aya kwa mara ya kwanza.

"Kwa kuwa ofisi zitafungwa mapema kwa sikukuu, gari la chanjo halitafika Malaba siku ya Alhamisi kama ilivyotangazwa. Litakuwa Adungosi Jumatano, tarehe 22, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Litarudi tena upande huu mwezi wa Machi."

Jumatano ilikuwa leo, na Adungosi kulikuwa mbali kwa miguu.

Zilpa aliketi juu ya jiwe. Akilini aliuona uso wa Mzee Paulinus, wenye mashimo kama uwanja uliopigwa na mvua ya mawe, na lile jicho moja jeupe lisiloona. Ndui ilimfanya hivyo angali mtoto. Nduguze wawili iliwachukua kabisa. Na kutoka Desemba hadi Machi ni siku ngapi za kukaa bila chanjo?

Kisha lilimjia wazo jingine, baya zaidi. Karatasi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mkononi mwake. Mto ulikuwa pale miguuni. Akiiachia, itakwenda na maji. Kesho akina mama watakaa sokoni na watoto mgongoni, gari halitakuja, na kila mtu atasema, "Si mnawajua hawa watu wa ofisi? Wametudanganya tena!" Wataamini upesi, maana wamedanganywa mara nyingi. Hakuna atakayemtazama Zilpa.

Aliishika karatasi juu ya maji. Gauni lilikuwa limeanza kuelea. Alilivuta, akalitupa kwenye nyasi likiwa na povu lake, akakimbia.

Sokoni hakukuwa na soko. Lazarus alikuwa kwenye kibanda cha chai, amewawekea madereva santuri, na watu kumi hivi walikuwa wakicheza. Zilpa hakusimama. Alikwenda moja kwa moja kwenye debe lililoning'inia, akaokota chuma, akapiga. Ko! Ko! Ko! Ko!

Sasa, siku isiyo ya soko debe hilo lilipigwa kwa jambo moja tu: moto. Muda si muda watu walimiminika kutoka pande zote, huyu na ndoo ya maji, yule na tawi bichi, mwingine na blanketi lililolowa. Mzee Paulinus alikuja mbio na kiatu kimoja.

"Moto uko wapi? Uko wapi?"

"Hakuna moto, mzee," Zilpa alisema, akihema. "Ni mimi."

"Wewe umeungua?"

"Mimi nimewadanganya."

Santuri ikanyamazishwa. Zilpa alipanda juu ya sanduku la chai. Aliisoma aya ya mwisho, neno kwa neno. Kisha akasema, "Juzi sikuisoma. Nilisikia gari moshi. Niliwaambia ni ile ile, na sikuwa nimeiona. Nimeisoma leo mtoni, nilipoikuta mfukoni mwangu. Gari la chanjo liko Adungosi sasa hivi."

"Si nilisema!" Caren aliropoka. "Miguu ilikuwa stesheni, mdomo tu ndio ulikuwa hapa!"

"Na mimi nikarudia uongo huo kwa Kiteso," Mzee Paulinus alisema polepole, akijipangusa lile jicho jeupe. "Kwa sauti yangu yote."

Akina mama walianza kufoka, kila mmoja na lake. Mmoja alimnyooshea Zilpa kidole mpaka karibu na pua. Lakini Benedetta, aliyekuwa amekuja na ndoo ya maji kichwani, aliitua chini kwa kishindo.

"Mtamgombeza kesho! Kesho tutakuwa na nafasi. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo," Lazarus alijibu.

"Basi wenye baiskeli, chukueni madebe, mpite vijijini. Kila mwenye mtoto aje barabarani." Aligeuka, akamtazama dereva mmoja mnene aliyejificha nyuma ya kikombe cha chai. "Na wewe boss, jina lako nani?"

"Barnabas, mama. Lakini karatasi zangu zimetoka. Naenda Nakuru, watoto wananingoja Krismasi."

"Watoto wako wamechanjwa?"

"Wamechanjwa."

"Lori lako lina nini?"

"Ni tupu, mama."

"Tupu! Unataka upeleke upepo Nakuru na sisi tuna watoto hapa?"

Watu waliangua kicheko. Barnabas alijikuna kichwa, akamtazama tanboi wake, msaidizi wa lori, na tanboi alikuwa tayari anafungua mlango wa nyuma. "Haya, pandeni," alisema. "Lakini mke wangu akiniuliza, huyu mama ndiye ataandika barua."

Safari gani hiyo! Lori lilijaa akina mama, watoto, vikapu na kelele. Mbele yao baiskeli zilikuwa zimekwisha kupita, na kila njia panda walikuta kina mama wamesimama wakipunga leso. Barnabas alisimama kila mara, akinung'unika, na kila mara tanboi alinyoosha mkono na kuwavuta juu. Zilpa alimshika kifuani Asere, aliyeletwa barabarani na mama yao, akitazama kivuli cha lori kikirefuka kwenye vumbi. Saa nane. Saa nane na robo. Saa nane na nusu, tairi likaingia shimoni, wakashuka wote na kusukuma.

Walipofika Adungosi, muuguzi alikuwa akifunga sanduku lake la dawa. Aliitwa Nasimiyu, mwanamke mrefu aliyechoka. Alilitazama lori, akatazama watu wanavyoshuka, hawaishi.

"Nimejiuliza tangu asubuhi," alisema, "watu wa Malaba wamehama?"

"Kosa ni langu," Zilpa alisema. "Mimi ndiye msomaji."

Nasimiyu alitazama saa yake ya mkononi. "Bado dakika kumi saa tisa. Atakayekuwa kwenye mstari kabla ya saa tisa nitamchanja, hata nikimaliza jua likizama. Kunjeni mikono!"

Kilio cha watoto siku hiyo kilishinda santuri. Asere alilia mpaka akakauka sauti, kisha akapewa ndizi, akasahau. Mtoto wa mwisho kuchanjwa alikuwa mjukuu wa Benedetta.

Kesho yake, Alhamisi, soko lilijaa kupita kiasi. Karatasi nyingine ilikuwa imeletwa, ya mpango wa michezo ya Krismasi. Mzee Paulinus alipiga debe, kisha akaishika karatasi bila kumpa mtu.

"Apewe Caren!" wengine walisema.

Benedetta alisimama. Hakuwa mwanamke wa hotuba, lakini alipokasirika hakuna aliyempita.

"Nilipokuwa msichana," alisema, "ng'ombe watatu wa baba yangu walichukuliwa na askari. Kwa nini? Kwa sababu hakuwapeleka kuchanjwa siku iliyoandikwa. Iliandikwa wapi? Mlangoni pa ofisi, kwa Kiingereza. Baba hakujua kusoma hata jina lake. Aliwatazama ng'ombe wake wakipita, akaniuliza mimi, 'Benedetta, karatasi ilisema nini?' Sikujua. Mpaka leo sijasahau. Ndiyo maana tulikaa chini kwenye jua siku mbili. Zilpa!"

"Naam, mama."

"Mkoloni alitunyima habari kwa lugha. Wewe ulitunyima kwa haraka. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, hizo ni tofauti gani?"

Zilpa aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka juu ya viatu vipya.

"Lakini ninyi nyote," Benedetta aliendelea, akizungusha macho, "sikilizeni na hili. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake, na mto ulikuwa mbele yake. Hakuna ambaye angejua. Katika miaka yangu yote nimeona wakubwa wakikosea, lakini sijawahi kumwona mmoja wao akipiga debe na kusema, 'Ni mimi.' Huyu mtoto amepiga. Mimi nasema asome. Ila Caren asimame pembeni yake na macho kwenye karatasi. Mmoja akiruka, mwingine aseme."

Mzee Paulinus alitoa karatasi. Zilpa alipanda, Caren akapanda, sanduku likalia. Zilpa alisoma mbio za magunia, akasoma kuvuta kamba, akasoma nani ataleta sufuria za chai.

Gari moshi likapiga honi.

Vichwa vyote viligeuka kuelekea stesheni. Vya Zilpa na Caren havikugeuka.

"Ndiyo yote?" Benedetta aliuliza.

"Bado, mama," Zilpa alisema. "'Limetolewa na karani wa baraza, tarehe 22 Desemba.' Na hapa kuna muhuri."

"Muhuri unasemaje?"

Zilpa aliusoma muhuri, duara yote. Caren aliufuata kwa kidole.

"Sasa ndiyo yote," walisema pamoja.

Mzee Paulinus alirudia hata muhuri kwa Kiteso. Soko likacheka, likapiga makofi, na Benedetta akarudi kwenye omena zake akisema, kwa sauti ambayo kila mtoto aliisikia:

"Msomaji ni macho ya wasiosoma. Akifumba yake, amefumba ya watu wote. Na akikosea, afanye kama huyu: apige debe mapema, mambo yangali yanatengenezeka."